Siku 19 za shiro Addis Ababa, na Jumapili nimealikwa kula nyama mbichi

Ngosha_wa_Igoma
Jumatano, saa 2:40 usiku

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, wengine mambo vipi.

Niko Addis Ababa, leo siku ya 19. Ofisi imenileta kozi ya miezi mitatu, mimi na mwenzangu mtu wa Lindi. Mwenzangu ameshanyoosha mikono, anaishi kwa mkate, ndizi na chai. Mimi bado napambana, ila Jumapili inanitisha, ndiyo maana nawasumbua.

Nianze na aibu yangu niimalize mapema. Nimekulia Igoma, Mwanza, kwa ugali wa muhogo, sato na dagaa. Nje ya nchi nilikuwa nimefika Kisumu tu, tena msibani. Siku ya kwanza kantini nikaletewa sinia limetandikwa injera: pana kama ungo, ya kijivu, upande wa juu ina vitundu kama sega la nyuki. Juu yake wamemwaga shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Nikanawa, nikafanya nilichofunzwa na bibi. Nikakata kipande kikubwa, nikakifinyanga kiwe tonge, nikabonyeza dole gumba katikati nichotee mchuzi. Injera haifinyangiki! Ilijikunja, ikajikunjua, ikanywa mchuzi wote, halafu ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na shati lilikuwa jeupe. Akina dada wa meza ya jirani walicheka hadi mmoja akainuka kuja kunishika mkono anielekeze kama mtoto wa chekechea.

Ladha yake ni togwa iliyolala siku tatu. Asubuhi unapewa firfir, yaani injera iliyochanwachanwa ndani ya mchuzi, na pembeni wanakuwekea injera nyingine ya kulia hiyo injera. Sitanii.

Kilichonishangaza zaidi ni nyama. Mimi Msukuma, ng'ombe nawajua, na hii ndiyo nchi yenye ng'ombe wengi kuliko zote Afrika. Lakini siku 19 zote sijaona kipande cha nyama, yai wala tone la maziwa pale kantini. Kumbe niliingia katikati ya mfungo. Waorthodoksi wa hapa wanafunga siku 55 kabla ya Pasaka, na Pasaka yao safari hii haikuangukia pamoja na yetu. Yetu ilishapita, yao ndiyo Jumapili hii.

Sasa mama mmoja wa masjala, mkarimu sana, katualika nyumbani kwake. Mumewe ni Mgurage, moja ya makabila ya huku. Wenzangu darasani waliposikia tu "Mgurage" wakashangilia: mtakula kitfo! Nikauliza kitfo ndiyo nini. Nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini kabisa, mbichi, imechanganywa na samli. Mmoja akaona hiyo haitoshi, akanifungulia video kwenye simu: watu wazima wenye makoti wamekaa buchani, kila mmoja na kisu chake, wanakata mnofu mbichi, wanachovya kwenye pilipili, wanatafuna huku wakipiga soga. Halafu wakaniongezea mengine mawili. Kwamba nitalishwa mdomoni kwa mkono wa mtu, inaitwa gursha, na kukataa ni kama kutukana. Na kwamba kuna mkate unaitwa kocho, wa mgomba uliofukiwa ardhini kwa miezi.

Naombeni wajuzi. Nyama mbichi naikataaje bila kumvunjia mama wa watu heshima? Hiyo ya kulishwa, mtu wa miaka 41 mwenye wakwe, inakaaje? Na mgomba wa kufukia, jamani?

Kitu pekee ambacho hakijanisumbua huku ni saa. Wanahesabu kama sisi, saa moja asubuhi ni jua likishachomoza. Nimeambiwa tufike saa nne, nimeelewa saa nne.

Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Nyegezi
Jumatano, saa 3:05 usiku

Ngosha mzima unaogopa ng'ombe? Wazee wakisikia watakuitia kikao. Kula, ulete mrejesho na picha.

MamaKemi_BK
Jumatano, saa 4:20 usiku

Mdogo wangu Ngosha, marahaba, na huyo wa Nyegezi usimsikilize. Nimeishi Addis miaka minne, mume wangu alikuwa na kazi kule. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo sita, na haikuwa njaa, ilikuwa kiburi. Kila nilichopewa nilikilinganisha na matoke ya kwetu Bukoba, na hakuna kitu duniani kinachoshinda matoke ya mtu aliyeko mbali na kwao.

Nyama mbichi: usingoje sinia lifike mezani ndipo uanze kukunja uso. Mfuate huyo mama kesho kazini, umwambie unaomba kitfo yako iwe leb leb. Maana yake ipashwe moto kidogo. Hata Wahabeshi wenyewe wengi wanaagiza hivyo mahotelini, hutakuwa kioja. Kinachomuumiza mwenyeji ni mgeni aliyekaa kimya halafu anasukumasukuma chakula pembeni ya sinia akidhani haonekani. Kila mtu anamwona.

Halafu unaogopa kitfo wakati mfalme wa siku hiyo ni doro wot, mchuzi wa kuku. Huyo mama ataanza kuupika Jumamosi. Vitunguu vinakatwa vidogo kabisa, vingi kuliko unavyodhani, vinakaangwa vikavu bila mafuta kwa muda mrefu mpaka viwe rojo, ndipo inaingia samli na berbere, ile pilipili nyekundu iliyosagwa na viungo vyake. Kuku kwa desturi anakatwa vipande 12, na ndani ya mchuzi yanawekwa mayai ya kuchemsha mazima. Mgeni atapewa yai. Ukiliacha hilo yai ndipo utakuwa umekosa adabu. Wao watakuwa wameanza kula usiku ule ule wakitoka kanisani, kwa hiyo mkifika saa nne mtakuta nyumba ina usingizi na furaha kwa pamoja.

Injera: sahau tonge kabisa. Unachana kipande kidogo kama kiganja cha mtoto, kwa mkono wa kulia, unafunika kitoweo, unabana kwa ncha za vidole, unainua. Kiganja kinabaki kikavu. Usilambe vidole, pale si kwetu. Na ile injera ya chini iliyolowa mchuzi wa watu wote ndiyo tamu kuliko zote, wenyeji wanaisubiri. Uchachu wake unatokana na kuchachushwa siku mbili tatu, unga wa tefu, nafaka yao, na maji na kidogo cha kimiminika walichobakiza kutoka rojo la mara iliyopita. Bibi yako na togwa yake wangeelewana na hawa watu bila mkalimani.

Gursha: fungua mdomo, baba. Tonge litakuwa kubwa kuliko mdomo wako, makusudi, kwa sababu ukubwa ndiyo mapenzi yenyewe. Mama, mume, bibi, hata mtoto anaweza kukulisha. Na wewe rudisha. Mimi mara ya kwanza nililishwa na mama mkwe wa jirani yangu, nikacheka na mdomo umejaa, mchuzi ukanitoka puani. Tulikuwa marafiki mpaka naondoka.

Kocho sasa. Nilipokwenda upande wa Wagurage mara ya kwanza nilipiga kelele ndani ya gari: jamani, migomba! Nikamwambia mume wangu hawa wametuzidi hata sisi Wahaya, kila nyumba imezungukwa. Nikaanza kutafuta mikungu. Hakuna hata mmoja. Ule si mgomba wetu, ni enset, binamu yake asiyezaa ndizi za kuliwa. Wanachokula ni shina na kiazi chake cha chini. Wanawake wanaparua shina kwa kipande cha mwanzi, wanaponda kile kiazi, vyote vinafungiwa kwenye shimo lililotandikwa majani, vinachachuka kwa miezi, kisha ndiyo mkate. Una nyuzinyuzi, mchachu, una harufu. Lakini wewe Ngosha umekulia ugali wa udaga! Mihogo mmeichachusha mpaka imeoza, mkaianika juu ya mawe, nyumba nzima inanuka, mkaiita chakula cha wanaume. Kocho itakutisha nini?

Mwisho, mkimaliza kula msiondoke. Kutakuwa na kahawa, inakaangwa mbele yenu, na bisi za kutafuna. Wanamimina mara tatu kutoka kwenye birika moja la udongo: abol, tona, bereka. Hiyo ya tatu ni neno letu lile lile la baraka. Ukiaga baada ya kikombe cha kwanza, umeondoka katikati ya mazungumzo. Na tej, pombe ya asali inayoletwa kwenye kichupa chenye shingo ndefu, ni tamu kama juisi, lakini mko juu zaidi ya mita 2,300 na hujala vizuri siku 19. Jihesabu.

Shemeji_wa_Ngamiani
Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Assalaam alaykum ndugu zangu. MamaKemi kamaliza kila kitu, naongeza moja tu ambalo halijasemwa. Huyo mwenzako wa Lindi, kama ni Muislamu, basi mwambieni mama kabla.

Nimekuwa nikienda Addis kwa biashara ya nguo, nashukia Merkato, soko lao kubwa. Kule Waislamu na Waorthodoksi wanaishi nyumba kwa nyumba, wanazikana, wanaozeshana wakati mwingine, lakini nyama ya aliyechinja mwenzake hawali, pande zote mbili. Bucha zina alama, hii msalaba, hii mwezi. Nguruwe haliwi na yeyote kati yao, kwa hiyo hapo hamna wasiwasi. Mwenyeji akijua mapema hakasiriki kabisa, amezoea. Atampikia mwenzako vya mfungo.

Na hapo ndipo mimi huwa natofautiana na wanaolalamikia shiro. Mgeni Muislamu asiyemjua mtu mjini, chakula cha mfungo ndiyo rafiki yake. Unasema "yetsom", yaani cha mfungo, unaletewa beyaynetu: injera moja kubwa na vilima vya dengu nyekundu, dengu za njano, kabichi na karoti, sukuma, kiazi rosti, saladi. Hakuna nyama, hakuna samli, umemaliza maswali yote kwa neno moja. Nimekula hivyo wiki mbili mfululizo na nikarudi Tanga na tumbo.

Utingo_Mstaafu
Alhamisi, saa 6:30 mchana

Salamu kutoka Isiolo. Mimi sipingi mtu, lakini wacha niwaambie yaliyonipata, kwa sababu wote mnasifu.

Tulikuwa tunapeleka mizigo Moyale, mpakani na Ethiopia, miaka ile barabara ya lami haijafika, Isiolo hadi Moyale ni siku mbili na matope. Ukifika unavuka upande wa pili kutafuta chakula. Anjera nilikuwa naijua, Wasomali wako nayo Eastleigh, ingawa ya kwao ni ndogo na laini. Nyama mbichi ndiyo sikuwa naijua. Dereva wangu alikuwa mzoefu, akaagiza tere siga, kilo nzima, na mimi kijana nikaona haya kubaki nyuma. Nilikula. Na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Miezi mitatu baadaye nikiwa nyumbani nikaona kitu chooni, kama kipande cha makaroni, na kilikuwa kinatembea. Tegu. Daktari aliniuliza swali moja tu: ulikula ng'ombe mbichi wapi? Nikapewa dawa, ikaisha. Wenyewe kule wamezoea, wana mti wao unaitwa koso, walikuwa wakinywa maua yake kila baada ya muda kusafisha tumbo.

Sasa hiyo leb leb, dada yangu, ni kupashwa tu. Ndani bado ni nyekundu. Tegu haogopi joto la mkono.

MamaKemi_BK
Alhamisi, saa 7:05 mchana

Utingo umenikamata, ni kweli. Leb leb inatibu macho ya mgeni, haitibu minyoo. Ngosha, badilisha: mwambie mama unataka "yebesele", iliyoiva kabisa. Atakucheka kidogo, kama Mhaya atakavyomcheka mtu anayekula senene kwa kijiko, lakini atakupikia.

Ngosha_wa_Igoma
Jumatatu, saa 1:50 usiku

Wakuu, mrejesho. Picha sina, mikono ilikuwa na kazi.

Ijumaa nilimfuata mama masjala nikamwambia maneno yote mawili: mimi yebesele, mwenzangu ni Muislamu. Kuhusu mwenzangu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa leo kuna jua. Kuhusu yebesele alimwita mwenzake wa dawati la pili, wakacheka pamoja, kisha akasema ishi, sawa.

Jumamosi mji mzima ulikuwa ni kondoo na kuku. Kondoo juu ya teksi, kondoo mabegani mwa watu, mzee mmoja kapanda basi dogo na majogoo wawili vichwa chini. Siku 19 nilidhani niko nchi isiyo na nyama, kumbe ilikuwa imejipanga foleni inasubiri.

Jumapili tukafika saa nne kamili. Sakafuni wametandaza nyasi mbichi, ubani unafuka, uani kuna ngozi ya kondoo imepakwa chumvi inakauka. Tukanawishwa mikono na binti mdogo aliyeshika birika na beseni. Mwenzangu wa Lindi kawekewa meza ndogo pembeni yangu kabisa, si mbali: shiro inatokota kwenye chungu kidogo cha udongo, dengu, mboga, na kocho iliyokatwa kama mkate wa kumimina. Yule bwana aliyekuwa anakula mkate na ndizi siku 21 alimega kocho, akanusa, akatafuna, akanyamaza. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Kaka, haya si makopa haya?" Akala yote. Akaongezwa. MamaKemi, nilimwambia habari ya udaga akasema Wasukuma na Wamakonde wakae kikao na Wagurage wajue nani alimwibia nani.

Doro wot nimeuelewa. Ni mweusi mwekundu kama udongo wa baada ya mvua, na pilipili yake haikupigi hapo hapo, inakusubiri umeze. Jasho lilinitoka nyuma ya masikio. Yai nililimaliza. Na mbinu ya kubana kwa ncha za vidole nilikuwa nimeifanyia mazoezi kantini Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo shati limesalimika.

Sasa kitfo. Zikaja bakuli mbili. Moja ya kwao, nyekundu inang'aa samli, na nyingine ya kwangu peke yangu, ya kahawia, imeiva, mama kaisukuma mbele yangu huku akinikonyeza. Mambo yanakwenda vizuri. Kumbe kulikuwa na bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, kaja kutoka kijijini, na habari za yebesele hakuna aliyempa. Bibi kaniangalia, kaona mgeni mwembamba anakula kitu kilichoungua, kanihurumia. Akachota kwenye ile nyekundu, akafunga ndani ya injera tonge kama ngumi ya mtoto, akanyoosha mkono. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama masjala akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwangalia yule bibi, mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo, vidole vimekunjamana vile vile kama vya bibi yangu wa Magu aliyenifundisha kubonyeza tonge. Nikafungua mdomo.

Kijana wa Nyegezi, futa kikao. Utingo, samahani sana.

Niliyoyaogopa sikuyakuta. Nilijiandaa kwa ladha ya damu na utelezi. Nilichokipata ni samli kwanza, samli yenye viungo, inayonukia kuliko ya kwetu, kisha pilipili, kisha nyama laini ambayo haina haja ya meno. Sikuomba nyingine. Bibi akanipa nyingine. Tatu zote nilizihesabu, kisha mama masjala akamwambia kitu kwa Kigurage na bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake jeupe. Na mimi nikamrudishia gursha, nikasahau yote niliyofunzwa, nikamfinyangia tonge la Kisukuma. Lilimfumukia mkononi.

Kahawa tumekunywa zote tatu, tumeondoka saa kumi na moja jioni. Tej nilijihesabu, lakini nilikosea hesabu kidogo.

Utingo, nitakwenda kupima nikirudi Mwanza, nimeshaandika tarehe, usinisumbue inbox.

Nina shida moja imebaki. Katika ile tej nimewaahidi wenyeji kwamba Jumapili ijayo mimi na mtu wa Lindi tutawapikia ugali wa muhogo na samaki, na bibi kasema haondoki mjini mpaka aonje. Sato wa maziwa ya huku nimeambiwa wapo. Mwenye kujua unga wa muhogo unapatikana wapi Addis, au mtu yeyote anayepanda ndege ya kutoka Dar kabla ya Jumamosi, tafadhali. Kilo tatu zinatosha.